Uvimbe Katika Njia ya Kurudi

Kuna kitu kimejijenga ndani ya mshipa wangu mkubwa. Nikifumba macho nakiona: kimeegemea ukuta, kimejaza karibu upana wote wa njia, na damu inapita pembeni kwa kujibana, kama watu wanaompisha mtu mnene mlangoni. Huu si mshipa wa kwenda. Mishipa ya kwenda ina kelele na haraka zake. Huu ni ule wa kurudi, mpana na mtulivu, unaopanda kutoka miguuni na tumboni kuelekea moyoni, na kila kilichotumwa mwilini hurejea kwa njia hii kikiwa kimechoka. Nilipoambiwa kwamba ni hapo, wala si penginepo, niliamini papo hapo kwamba sikuugua bali nimerudishiwa. Nimerudishiwa nini, na ni nani aliyenirudishia? Swali hilo lilinisumbua siku zote nilizolala katika nyumba hii, na kwa ajili yake nimetenda jambo ambalo sijui kama nitapata nafasi ya kulitengua.

Nyumba yenyewe haina jina. Wagonjwa tunaiita Nyumba, basi. Ina ukumbi mrefu wenye madirisha, na kila dirisha lina mwaka wake. Ukipita la kwanza unaona mvua iliyonyesha ulipokuwa hujaota meno. Ukipita jingine unajiona mzee kuliko ulivyo, umeinama bustanini unachuma mchicha, na hata ukigonga kioo huyo mzee hageuki. Wagonjwa wazoefu hupita wakitazama sakafu. Mimi nilitazama kila dirisha, tena kwa makusudi, kwa sababu nilikuwa natafuta siku fulani: siku ambayo mtu alinikasirikia, akanyamaza.

Niseme basi nilikuwa nani, ijapokuwa humu ndani hilo nalo halishikiki. Asubuhi moja niliamka na mikono ya marehemu baba yangu, yenye makovu yale yale ya panga, nikanawa uso kwayo, na hakuna aliyeshangaa. Lakini huko nje nilikuwa mkaguzi wa bomba kuu la maji la mji. Maji yakikatika, niliitwa mimi. Na katika kazi yangu yote sijapata kuona bomba lililojiziba lenyewe. Ukifukua unakuta tambara, unakuta kiatu. Mara moja nilikuta mto wa kulalia, mzima, na foronya yake ya maua. Kilichoziba kimetoka kwa mtu, mtu ana mlango, na mlango huo niliugonga mpaka ukafunguliwa. Watu waliniogopa kidogo. Sikuchukia kuogopwa.

Daktari wa upasuaji anaitwa Zawena. Ni mwanamke mfupi, anayesema haraka, na uso wake hubadilika kila anapoingia: leo kijana, kesho ajuza, ila sauti ni moja. Kabla yake, wenzake walidhani ni damu iliyoganda. Walinipa dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, ikawa nyepesi hata nikipiga mswaki fizi zinachuruzika, na kile kitu hakikutikisika. Zawena alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda changu bila kuombwa.

“Mzee wangu, hili si donge la damu,” alisema. “Ni saratani, tena ya aina ambayo daktari anaweza kustaafu bila kuiona hata mara moja. Imeota kwenye ukuta wa mshipa wenyewe. Ni nyama ile ile ya mshipa, imeacha adabu.”

“Imeletwa na nini?”

“Haijulikani.”

“Haijulikani kwako, au haijulikani kabisa?”

“Kwa yeyote. Hukuila, hukuivuta, hukuirithi. Hakuna aliyekupa.”

“Daktari, kila kinachoziba kimetupwa na mtu.”

“Hiki kimeota.” Aliifunua shuka, akabonyeza mguu wangu uliovimba, na shimo la kidole chake likabaki pale pale. “Nisikilize. Kinapanda. Sasa hivi kiko usawa wa ini. Nikikiwahi, nakata kipande cha mshipa pamoja nacho, naunga bomba la kitambaa mahali pake. Kikiingia moyoni, mimi naweka kisu chini na kukuombea. Nataka ukubali leo.”

“Nitakubali nikijua ni cha nani.”

Alinifunika shuka. Siku ile alikuwa na uso wa kijana, na macho yalikuwa yamechoka. “Yaani uko radhi ufe, mradi uwe na wa kumlaumu,” alisema, akainuka akaenda zake.

Nilikasirika. Nilijiambia kwamba huyu ni mtu wa visu, hajui habari za watu. Nikamtuma mtu akaite jamaa.

Kwetu, mtu akipatwa na ugonjwa usioeleweka, jamaa hukusanyika. Kila mmoja hupiga funda la maji, hulishika kinywani, humtazama mgonjwa na kuitafuta hasira yoyote aliyomfichia. Akiipata, huyatema maji kwenye beseni na kuitaja: nilikukasirikia kwa hili, limetoka. Mgonjwa hujibu: limetoka. Yamekwisha. Hakuna faini, hakuna kununiana, na baadaye watu hula pamoja. Walioianzisha desturi hii waliamini kwamba hasira iliyofungiwa kifuani kwa mmoja huenda kukaa mwilini mwa mwingine. Ni desturi ya upole. Aliyeigeuza mahakama ni mimi.

Dada yangu Mkawasi alikuja na jagi la plastiki na beseni la kuogea watoto, akasimamia shughuli kama alivyosimamia misiba yetu yote. Akatangulia yeye. Mashavu yalimjaa, akanikazia macho, akatema.

“Nilikukasirikia ulipomzika mama bila kunisubiri. Nilikuwa njiani. Ulijua niko njiani. Limetoka.”

“Limetoka,” nikasema.

Nikafumba macho, nikashuka ndani ya mshipa kwenda kuangalia. Kilikuwepo, kimeegemea ukuta, hakikupungua hata ukucha.

“Bado,” nikawaambia. “Endeleeni.”

Wakaendelea. Walikuja binamu, walikuja majirani, walikuja watu niliowagongea milango zamani. Mmoja alinikasirikia kwa sababu sikucheka mzaha wake harusini. Mwingine kwa sababu nilicheka. Hata marehemu mke wangu alikuja. Alipitia dirishani, kwenye mwaka wake, na gauni lake la nyumbani, akapiga funda la maji na kulitema kwa adabu. Akasema alichoka na ukimya wangu mezani, kwamba alipika miaka yote ile na hakuwahi kujua kama chakula kimekolea. Limetoka, akasema. Nilitaka kumwambia kwamba kilikolea, kila siku kilikolea, lakini nilikuwa nimeshafumba macho kuangalia ule uvimbe. Nilipofumbua, hayupo.

Bado. Bado. Endeleeni.

Na nitasema ukweli, kwa kuwa humu nilimo sasa hakuna wa kumpaka mafuta: nilinogewa. Mgonjwa ana enzi ambayo mzima haijui. Unalala chali, huwezi hata kujigeuza, na watu wazima wanapiga foleni kukuletea mioyo yao mikononi. Unasema neno moja, bado, na wote wanainamisha vichwa. Ni nani mtawala? Ni yule mwenye nguvu, au ni yule ambaye wengine wote wamekubali kuwa wakosaji mbele yake? Nimelifikiria hilo sana. Sikuwahi kuwa na nguvu hivyo nilipokuwa na miguu mizuri. Na kila nilipoitumia nguvu hiyo, kile kitu kilipanda kidogo, na Zawena alisimama mlangoni na uso mwingine na kusema maneno yale yale.

Katika muda huo wote binti yangu Mghoi alikaa miguuni pangu. Sina mtoto mwingine. Ndiye aliyenikanda miguu ile mizito kama magogo, aliyenikata kucha, aliyenishikia bakuli nilipotapika. Zamu yake ilipofika, Mkawasi alimpa kikombe. Mghoi alipiga funda, akanitazama kwa muda mrefu, koo likacheza. Alikuwa ameyameza.

Chumba kizima kikaguna. Kwetu hakuna anayemeza. Ukikosa hasira unatema tu na kusema sina, maji yanaingia kwenye beseni pamoja na mengine.

“Umeyafanya nini?” Mkawasi akamuuliza.

“Nimeyanywa, shangazi. Nilikuwa na kiu. Tangu asubuhi niko hapa.”

“Mtu hanywi haya!”

“Basi nisameheni. Sina hasira na baba.”

Nilipaswa kucheka. Mtoto alikuwa na kiu, basi, na kosa lilikuwa dogo hivyo. Badala yake nilihisi ile hamu ya zamani ya kazini, hamu ya mtu aliyefukua mtaa mzima na sasa koleo limegonga kitu.

“Tafuta vizuri, Mghoi,” nikasema.

“Nimetafuta, baba.”

“Katafute tena.”

Akaenda, akatafuta. Namna gani mtu hutafuta hasira ambayo hana? Nilimwona akitembea ukumbini, akisimama kila dirisha, akiweka paji la uso kwenye kioo. Alirudi na macho mekundu. Hakuna, baba. Twende ukapasuliwe, baba. Nakuomba. Jamaa walianza kumsogelea kwa namna ya kumtenga. Walimpokea chakula kutoka mkononi na kukiweka chini bila kula. Niliona. Nikajiambia wao ndio wanaofanya hivyo, si mimi.

Sikumwita jina baya. Sikumfukuza. Sikusema ni wewe. Nilisema tu bado. Neno dogo. Lingemdhuru nani?

Zawena akaja mara ya mwisho. Alikuwa ajuza siku ile, na hakukaa.

“Kimefika mlangoni mwa moyo,” alisema. “Naweza kukipata leo. Kesho sitakuja kukuuliza, nitakuja kukufunika.”

“Bado hatujamaliza,” nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba, kwa maana nilikuwa na hofu sasa, hofu ya kweli, na bado sikuweza kujizuia. Nilikuwa kama mtu aliyeapa hadharani halafu akasahau ni kwa nini aliapa.

Hapo Mghoi akainuka. Alikwenda mwenyewe kwenye jagi. Hakunitazama mimi, alimtazama Zawena, kama anayekadiria muda uliobaki. Akapiga funda, akalishika, akaja akasimama juu yangu. Akatema. Maji yaligonga beseni kwa kishindo.

“Siku mama alipokufa,” alisema, “niliingia jikoni nikajifungia. Nikasema moyoni, kwa nini asichukuliwe baba, nikaachiwa mama. Nilitaka ufe wewe. Nikaimeza hiyo, nikakaa nayo mpaka leo. Ni mimi, baba. Limetoka.”

Mkawasi aliweka kiganja mdomoni.

Nilijua. Nataka hili lieleweke na yeyote atakayenisikia: nilijua papo hapo. Siku mama yake alipokufa Mghoi hakuingia jikoni. Alikuwa mdogo, alinishika shati hapa kifuani, akakataa kuliachia. Nilipokea waombolezaji akiwa amelishika, nilikula akiwa amelishika, na alipolala ilinibidi nilivue shati lenyewe nimwachie, nikamalizia matanga na fulana. Hakuna jikoni. Hakuna sala mbaya. Kulikuwa na msichana aliyeona baba yake anakufa kwa ukaidi, akatafuta uongo mkubwa wa kutosha kunitosheleza.

Na ulinitosheleza. Jamani, ulinitosheleza. Hasira zote za wengine zilikuwa ndogo mno kwa ugonjwa mkubwa hivyo: mazishi, mzaha, chumvi mezani. Hii ilikuwa na ukubwa unaolingana. Ilikaa mahali pake kama kifuniko juu ya sufuria. Nilijihisi mwepesi, nililia kidogo hata, na kwa mdomo wangu huu, huku nikijua, nikasema:

“Limetoka.”

Kisha nikamgeukia Zawena. “Nimekubali. Nipeleke.”

Watu wakafanya haraka. Kitanda changu kina magurudumu, kikaanza kwenda. Mghoi alikuja mbio akashika ukingo wake, na hapo Mkawasi akamwondoa mkono, kidole kimoja kimoja.

“Usimguse.”

“Shangazi, niacheni nimsindikize baba.”

“Umeshamsindikiza,” Mkawasi akasema.

Nilisikia. Nilikuwa karibu nao kiasi cha kunusa sabuni ya mikono yao. Dada yangu si mtu mbaya. Alifanya kile ambacho yeyote angefanya kwa ushahidi aliopewa, na mwenye kuweza kuutangua ushahidi huo alikuwa amelala mbele yake, macho wazi, akitazama dari. Nilidhani nitasema tukifika mlangoni. Tulipofika mlangoni nilidhani nitasema nikitoka. Kitanda kikaingia, mlango ukajifunga taratibu, na katika upenyo wa mwisho nilimwona mwanangu amesimama peke yake upande mmoja wa ukumbi, jamaa wote upande wa pili, na beseni katikati.

Kulikuwa na mtu wa nusukaputi, mwanamume mwenye sauti ya chini na kofia ya kitambaa. Aliniwekea kiganja begani.

“Mzee, kabla sijakulaza. Kuna neno lolote unataka niwapelekee walio nje? Wengi huwa nalo.”

Nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi. Mwambie Mghoi amesema uongo na mimi najua. Lakini nilifikiri: nikilisema, nitabaki na ule uvimbe tupu, usio na mwenyewe, na nitaingia kwenye kisu bila sababu yoyote ya kuwa mimi na si mwingine. Nilifikiri pia kwamba jamaa wangejua nilijua. Lipi lilikuwa na uzito zaidi? Natamani kusema ni lile la kwanza, kwa kuwa lina falsafa ndani yake. Lilikuwa la pili.

“Hakuna,” nikasema.

“Haya. Vuta pumzi.”

Sasa nimo humu. Nusukaputi imechukua mwili, ila masikio imeniachia, sijui kwa wema au kwa ukatili. Nimeshuka kwa miguu yangu, na hapa miguu haijavimba. Nimefika. Kwa mara ya kwanza nimekisogelea kile kitu badala ya kukitazama kwa mbali, nimekiwekea mkono. Ni cha moto kidogo. Nimelitafuta jiko la Mghoi ndani yake, nimetafuta mazishi ya Mkawasi, nimetafuta ukimya wangu mezani. Nimepapasa pote, kule kupapasa kwa kazini, kwa mtu ajuaye kwamba kwa ndani kabisa lazima kuwe na tambara.

“Umetumwa na nani?” nimekiuliza.

Hakina mdomo. Nimepapasa mpaka mahali kinapoanzia, nikitegemea kuona mshono, alama ya kitu kilichotoka kwingine kikabandikwa hapa. Hakuna mshono. Ukuta unakwenda, unakwenda, na pole pole unakuwa hicho. Siwezi kusema hapa ndipo ninapoishia mimi na hapa ndipo kinapoanza. Hakina chuki nami. Hakinijui. Zawena aliniambia hivi kwa lugha nyepesi kabisa, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na sikutaka kumwelewa. Katika njia hii nzima ya kurudi hakuna hasira ya mtu yeyote. Kitu pekee kilichowahi kutumwa na mtu kumwelekea mtu, katika habari hii yote, ni kile nilichomtwika mwanangu nikiwa na akili timamu.

Nimegeuka. Nataka kupanda juu, nitoke, niseme. Ni neno fupi, narudia, halihitaji hata pumzi nyingi. Nimepita ini, nimepita kifua, nimefika kooni, na koo lina mpira. Wameupitisha mdomoni mpaka ndani, unanipumulia, unaingia na kutoka kwa zamu yake. Nimesukuma. Nimeita Mghoi, na kilichotoka ni ule upepo wa mashine, sawa na ule uliotangulia.

Juu yangu nasikia sauti ya Zawena. “Kipo. Nimekishika. Bana juu. Bana na chini.” Kisha chuma kinagusana na chuma. Kisha: “Kinakuja chote. Kimeshikilia, lakini kinakuja.” Ningepaswa kufurahi. Kisha sauti yake inabadilika. “Anavuja. Ile dawa yao ya zamani bado imo mwilini. Damu iko wapi?”

“Imebaki chupa moja, daktari.”

“Nenda nje. Uliza jamaa, nani wa kundi lake. Kimbia.”

Mlango unafunguliwa. Ukumbi wote unanijia masikioni, viatu, kikohozi, kelele ya beseni linalosogezwa. Sauti ya muuguzi inauliza nani ana damu ya kundi la mzee, upesi, inahitajika sasa hivi. Hatua za mtu mmoja zinatoka upande wa peke yake, zinakuja. Nazijua hatua hizo tangu zilipokuwa za kuyumbayumba.

“Mimi,” anasema Mghoi. “Kundi lake ni langu. Chukueni hata yote.”

Nasukuma mpira kwa ulimi. Nasukuma kwa kila nilicho nacho.

“Wewe ni nani yake?” muuguzi anauliza.

Na kabla mwanangu hajajibu, namsikia dada yangu, kwa sauti ya mtu anayenilinda, anasema:

“Huyo hapana.”